Bledi Zilizokufa na Meno Mazima

Katika karakana ile ya vyuma walikuwepo watu wanaojua kuchomelea, watu wanaojua kutoboa, na watu wanaojua kula tu. Lakini mtu wa kukukalisha chini akakusimulia habari za bledi ya msumeno mpaka chai yako ikapoa na wewe mwenyewe ukasahau ulichokuja kufanya, huyo alikuwa mmoja, na walimwita Daktari. Udaktari hakuusomea. Shule aliiacha darasa la sita, au shule ilimwacha yeye. Inategemea umemuuliza nani, yeye au mkewe. Jina alipewa na wachomeleaji, kwa sababu kila walipotupa macho upande wake walimkuta ameinamia meno.

Kwa wewe uliyesoma sana lakini hujawahi kuuona msumeno wenyewe, nitakueleza, usione haya. Bledi yake si kama ya msumeno wa seremala. Ni utepe mrefu wa chuma chembamba, wenye meno upande mmoja, ulioungwa ncha kwa ncha ukawa pete. Pete hiyo inavalishwa kwenye magurudumu mawili, inakazwa, inazunguka kutwa nzima, na kichwa cha mashine kinashuka taratibu juu ya chuma kilichobanwa kwenye jiliwa. Chuma kinene kama paja la mtu mzima kinakatwa kama sabuni. Ukiangalia unadhani kazi ni ya mashine. Hapo ndipo Daktari alipokuwa akikukatiza.

"Mashine inazunguka tu," alikuwa akisema. "Anayekata ni mimi."

Miaka ishirini na miwili aliisema kauli hiyo na hakuna aliyembishia, maana bledi zake zilikuwa zikiishi. Bledi ya kwake ilikwenda wiki nne, mara nyingine tano, na kila inapostaafu aliikunja, akaitundika kwenye msumari nyuma ya stoo kama picha ya babu. Zamu yake ilikuwa ya asubuhi. Zamu ya mchana ilikuwa ya mdogo wa mkewe, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mvivu wa kusema, aliyeingizwa kazini na Daktari mwenyewe miaka minane nyuma na ambaye hakuachwa asahau hilo hata siku moja. Kwa kuwa Daktari alimwita shemeji, karakana nzima nayo ikamwita Shemeji: msimamizi, walinzi, hata mama wa stoo ambaye kwa umri angeweza kumzaa.

Shemeji aliruhusiwa kila kitu kwenye mashine ile isipokuwa kimoja. Kulikuwa na gurudumu dogo la mkono, la kukazia bledi. Hilo lilikuwa la Daktari peke yake. Kila bledi mpya aliivalisha yeye, na kila asubuhi aliikaza yeye. Kipimo chake kilikuwa kidole. Aliipiga bledi kwa ukucha, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, akakaza kidogo, akapiga tena, mpaka isikike ile sauti aliyoijua yeye. Watu waliwahi kumletea kifaa cha kupimia, chenye mshale na namba. Alikitazama, akauliza kama hicho kifaa kinajua kusikia, kisha akakirudisha. Mbele ya wachomeleaji wote alimwambia shemeji yake kwamba siku atakayoligusa gurudumu lile atakatwa kidole, na bledi anayo.

Sasa, mwaka ule, bledi zikaanza kufa.

Ya kwanza ilikatika siku ya kumi na moja. Daktari akasema bahati mbaya. Ya pili siku ya tisa. Ya tatu ikakatika mchana, mikononi mwa Shemeji, katikati ya shafti nene, kwa mlio uliowafanya wachomeleaji wainue vinyago vyao. Ilipofika ya nne msimamizi akawaita wote wawili ofisini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kutafuna kifuniko cha kalamu anapofikiri, na siku hiyo kifuniko kilikuwa kimebaki nusu. Akawaambia kwamba kazi zinalala, wateja wanasubiri vyuma, na yeye hana muda wa kusikiliza hotuba. Bledi haifi mikononi mwa watu wawili, inafia mikononi mwa mmoja. Ijumaa ya mwisho wa mwezi atataka aambiwe ni nani. Huyo ataondoka kwenye msumeno, ataenda uani kusugua kutu kwa brashi ya waya, na nafasi yake atapewa mwingine.

Daktari akatoka pale kifua mbele. Yeye jibu alikuwa nalo tayari. Kilichobaki kilikuwa ushahidi tu.

Kuanzia kesho yake, zamu yake ikiisha, haendi nyumbani. Anajibanza nyuma ya rundo la mabomba na kikombe chake cha chai, anatoa kipande cha boksi na penseli, na kumchunguza shemeji yake kama polisi. Wachomeleaji walimwona wote, na Shemeji alimwona kabla yao, kwa sababu mtu mwenye tumbo kama lile hajifichi nyuma ya bomba la inchi nne. Lakini walimwacha.

Na makosa akayapata, nisimsingizie. Ile mikono miwili inayoiongoza bledi, Shemeji aliiacha mbali hata alipokata bomba jembamba, na bledi isiposhikwa karibu na chuma inayumbayumba kama mlevi anayetafuta ufunguo. Daktari akaandika. Kisha yale maji meupe kama maziwa, yanayomwagika kwenye meno ili yasiungue: Shemeji akiona tangi limepungua anaongeza maji ya bomba, basi, bila kuongeza dawa yake. Siku ya tatu yale maziwa yalikuwa maji ya kuoshea vikombe. Akaandika kwa herufi kubwa. Halafu brashi ndogo inayofagia chenga za chuma kutoka kwenye meno ilikuwa imeisha nywele, ina upara kabisa, chenga zinazunguka na meno na kurudi kwenye mkato. Hapo penseli ilisimama kidogo. Brashi hukaguliwa asubuhi. Aliruka mstari, akaandika jambo jingine.

Mambo yote hayo aliyarekebisha, na kila alichorekebisha alikiambatanisha na somo. Shemeji alisimama akasikiliza, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Alielezwa habari za chenga: zikiwa unga, bledi inasuguliwa bure, haikati, iminye kidogo, zikiwa za buluu zimeungua, unaiua, punguza, zikijikunja kama nywele za mtoto, zikang'aa, na ukizishika ni vuguvugu, hapo umetulia. Alielezwa kwamba chuma kinene kinataka meno makubwa yaliyoachana na bomba jembamba linataka meno madogo, ili kila wakati meno matatu walau yawe kazini, maana jino likibaki peke yake linang'oka. Mambo haya Shemeji aliyajua tangu mwaka wake wa kwanza. Aliitikia tu, ndiyo shemeji, sawa shemeji.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Daktari akavalisha bledi mpya, mbele ya mashahidi. Kwenye jiliwa kulikuwa na shafti iliyoachwa nusu, na mchomeleaji mmoja kijana wa juzijuzi akauliza kwa nini asimalizie mkato ule ule. Hilo lilikuwa swali zuri na jibu lake likachukua robo saa. Mkato ule ulichimbwa na meno yaliyochakaa, ni mwembamba. Meno mapya ni mapana, ukiyaingiza humo yanabanwa na bledi inakufa kabla haijazaliwa. Kwa hiyo akaifungua jiliwa, akaizungusha shafti, akaanza upande wa pili. Na akaanza kwa upole, kichwa cha mashine kikishuka nusu ya kasi yake, kama mtu anavyovaa kiatu kipya kwa kuzunguka nyumbani kwanza. Kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa. Hata mimi ningekuwepo nisingekuwa na la kuongeza, na mimi si mtu wa kukosa la kuongeza.

Bledi ile ikakatika siku ya nne. Saa tatu asubuhi. Mikononi mwa Daktari mwenyewe, akiwa amesimama palepale anatazama, na Shemeji bado yuko kwao kitandani.

Wale wenye ulimi mwepesi wakakumbuka wana kazi za haraka upande wa pili.

Daktari aliikusanya ile bledi, akaenda nayo stoo, akamwomba mama wa stoo miwani yake ya kusomea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwanza akapitisha kidole gumba kwenye meno. Kidole kikatoka damu. Meno yalikuwa makali kama siku ya kwanza, hakuna lililokatika, hakuna lililolika. Akazishusha zile nne zilizotangulia kutoka kwenye misumari, akazilaza sakafuni kama maiti za ajali, akazipitia moja moja. Zote zilikuwa na meno mazima. Lakini katikati ya jino na jino, pale chini kwenye bonde, miwani ya mama wa stoo ilimwonyesha nyufa. Ndogo, nyembamba kama unywele, zimejipanga bledi nzima kuzunguka.

Akakaa pale muda mrefu. Maana yale makosa yote aliyoyaandika kwenye boksi, maji mepesi, brashi yenye upara, mikono ya mbali, ni magonjwa ya meno. Yanayafanya butu, yanayang'oa, yanapindisha mkato. Hizi meno zilikuwa nayo. Hizi hazikufa kwa kula vibaya. Zilivutwa mpaka zikapasuka.

"Umeona nini?" mama wa stoo akauliza.

"Miwani yako ina nguvu," akamjibu, akairudisha.

Alirudi kwenye mashine akainama chini ya lile gurudumu la mkono. Skrubu yake ilikuwa imevaa grisi nyeusi ya miaka mingi, ngumu kama lami, mpaka mahali nati inaposimama. Au tuseme, hapo ndipo ilipokuwa ikisimama zamani. Kupita pale kulikuwa na nyuzi tatu za skrubu safi, zinameta, nati imezilamba. Bledi ilikuwa ikikazwa kupita mahali ilipokazwa miaka ishirini, na aliyekuwa akiligusa gurudumu lile duniani alikuwa mtu mmoja.

Lakini bado hakuelewa. Gurudumu analizungusha, ndiyo, lakini anazungusha mpaka asikie ile sauti. Sauti haijabadilika. Au?

Akavalisha bledi nyingine, akaikaza kama kawaida yake, akapiga kwa ukucha, akaridhika. Ila hakuwasha. Alikaa kwenye mabomba akamsubiri shemeji yake mpaka saa saba na nusu. Shemeji alipofika na kopo lake la chakula akakuta mashine imelala na mzee wa kazi ameketi kama mfiwa.

"Shemeji, hebu ipige hapa," Daktari akasema.

Shemeji akaangalia nyuma kama kuna mtu mwingine anayeambiwa. Kisha akapiga kwa kidole. Daktari akasikia kitu kizito, kama mtu anagonga mlango wa kabati.

"Unaisikiaje?"

"Kali."

"Kali vipi?"

"Kali, shemeji. Inapiga mluzi. Kama mbu kaingia sikioni." Akajikuna. "Siku hizi unazikaza hivyo. Nilidhani ni bledi za aina mpya."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Uliniambia utanikata kidole. Tena mbele za watu."

Daktari akafanya jambo ambalo wachomeleaji waliokuwa wakichungulia walilisimulia mwezi mzima: akasogea pembeni, akamwonyesha shemeji yake lile gurudumu kwa kidevu. Alegeze mpaka isikike kama ile ya zamani, ile aliyoizoea miaka yote. Shemeji akafuta mikono kwenye suruali, akalishika kama anashika kichwa cha nyoka, akalegeza mzunguko mmoja, akapiga, akalegeza tena nusu.

"Hapo," akasema. "Hapa ndipo ulipokuwa."

Nati ilikuwa imerudi kwenye grisi nyeusi, kamili, bila kupungua uzi. Daktari akapiga kwa ukucha wake. Kabati. Akapiga tena, akainamisha kichwa, akaziba sikio moja, kisha la pili. Kabati tu. Ile sauti kali, ambayo alikataa kuvaa vizibo vya masikio miaka ishirini na miwili ili asiikose, ilikuwa imeondoka bila kuaga, na yeye alikuwa akiifuata kwa kukaza, kukaza, kukaza.

Shemeji alielewa. Hakucheka, na sababu ya kucheka alikuwa nayo tangu miaka minane. Alifungua kopo lake, akalifunga. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida ambayo Daktari aliisikia vizuri kabisa, kwamba Ijumaa wanaweza kusema ni bledi zenyewe. Kwamba stoo walileta mbovu. Bledi mbovu zipo, nani atajua? Wote wawili watabaki.

Hebu jiulize na wewe. Ukifunga mdomo, unabaki mfalme wa msumeno, na lawama inaenda kwa mama mwenye miwani ambaye labda ataulizwa maswali mawili na yataisha. Ukifungua mdomo, unaenda uani na brashi ya waya, mbele ya vijana uliowafundisha. Daktari alichukua kofia yake akaondoka, na ile siku ya Alhamisi aliimaliza nyumbani kwa kutengeneza mlango wa jiko ambao haukuwa mbovu.

Wakati wa chakula mkewe akamkazia macho mpaka akasema. Alieleza polepole, kuhusu skrubu, nyufa, mbu wa Shemeji, kabati lake yeye, na ule mpango wa kuisingizia stoo. Alitegemea mke ashtuke. Mke akaendelea kupakua.

"Mimi nilijua tangu mwaka jana," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, baba watoto. Nilikuambia mara mbili. Mara ya pili ukanijibu chumvi inatosha."

Kisha akamweleza jambo jingine, bila mzaha. Yule mama wa stoo anapokea bledi kwa mikono yake, anakagua kila boksi, na amekaa pale miaka mingi kuliko Daktari mwenyewe. Na kaka yangu mdogo, akasema, usimfundishe uongo ukubwani, mambo mengine umeshamfundisha vya kutosha. Akaondoa sahani.

Ijumaa msimamizi alikuwa na kalamu mpya. Aliuliza mara moja, bila utangulizi. Shemeji, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe mara mbili, safari hii akawahi: akaanza kusema kwamba bledi siku hizi, unajua, stoo...

"Acha, shemeji," Daktari akamkatiza. "Ni mimi."

Akasema yote, amesimama. Bledi zinakazwa kupita kiasi, mkazaji ni yeye, anakaza kwa sikio na sikio limekufa upande wa sauti kali. Meno mazima, mabonde kati ya meno yamepasuka. Kama msimamizi anataka kuona, maiti ziko nyuma ya stoo. Makosa ya Shemeji ni madogo na mengine si ya Shemeji. Brashi ilikuwa kazi yake yeye Daktari. Alipomaliza akaomba aambiwe tu brashi ya waya inachukuliwa wapi.

Msimamizi akatafuna kifuniko kwa muda ambao Shemeji baadaye aliapa ulikuwa saa nzima. Kisha akasema uani hatampeleka. Mtu anayeweza kusoma bledi iliyokufa ni mmoja na hataki kumwona anasugua kutu. Ila kuanzia Jumatatu zamu zinabadilishana. Shemeji anaingia asubuhi, anavalisha na kukaza. Daktari anaingia mchana, anaikuta ilivyo, anaiacha ilivyo. Gurudumu si lake tena. Na wote wawili wavae vizibo.

Usidhani ni adhabu ndogo. Uani mtu angeweza kusema ameonewa. Hapa ataingia kila siku kwenye mashine iliyokazwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono kumwonyesha swichi iko wapi, na ataikuta imekazwa sawasawa. Daktari akasema sawa.

Jumatatu alifika saa saba na nusu, amechana nywele kama anaenda kuposa. Shemeji alikuwa na bledi mpya, ameianza kwa upole tangu asubuhi, maziwa yamekolea, mikono ya kuongoza imesogea karibu na chuma. Wakasalimiana. Daktari akaizunguka mashine, na mkono wake, wenyewe tu, bila kumuuliza, ukanyooka kuelekea lile gurudumu.

Shemeji akakohoa.

"Nimeona vumbi," Daktari akasema, akalipangusa kwa kitambaa.

Akainama kwenye chenga. Zimejikunja, zinang'aa. Akaokota moja: vuguvugu. Akatafuta kosa la kusema kwa muda mrefu kidogo, Shemeji akisubiri na kopo lake kwapani, hataki kuondoka kabla hajalisikia.

"Brashi iko mbali na meno."

"Mbali wapi, shemeji?"

Akaisogeza, upana wa ukucha. Wakaitazama wote wawili.

"Sasa iko sawa," Shemeji akasema, akaenda zake.

Bledi ile iliishi siku thelathini na nne. Siku ilipostaafu Daktari aliikunja mwenyewe, akaitundika nyuma ya stoo mahali pa kuonekana, na kila aliyepita kuchukua kitu kwa mama wa stoo alisimamishwa akaelezwa siri yake. Siri, alisema, ni zamu ya mchana. Asubuhi mtu yeyote anaweza.